Kutu ya Trela, Matrekta na Malori ya Zamani: Jinsi ya Kuitibu Kabla ya Kupaka Rangi

Mafunzo kwa wakulima wa Bariadi na Mkoa wa Simiyu



Funza wa vitumba hula pamba ingali shambani. Kutu hula chombo kinachoichukua pamba hiyo kwenda kituo cha kununulia. Wa kwanza twamjua na twampiga dawa killa msimu. Wa pili twamwacha mpaka siku trela inapokatika njiani na mzigo wake. Karatasi hii yafundisha namna ya kumtambua huyu wa pili, kumwondoa, na kumzuia asirudi.

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Katika wilaya zake za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, vyombo vingi vya kazi vilinunuliwa vikiwa vimekwisha kutumika kwingine. Mtu hununua trekta la Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, na injini yake ingali na nguvu. Lakini mabati yake yametoboka na trela yake imeoza pembeni. Injini yaweza kufanyiwa matengenezo na kupewa vipuri vipya. Chuma cha chesisi kikiisha kuliwa, hakirudi.

Wengi hudhani ya kuwa rangi mpya ni dawa ya kutu. Sivyo. Rangi ni nguo tu. Nguo safi juu ya kidonda kisichooshwa haiponyi kidonda. Hukificha mpaka kioze.

1. KUTU NI NINI

Chuma kilitoka ardhini kikiwa mawe mekundu, na watu wakakitoa humo kwa moto mkali. Tangu siku hiyo chuma chatamani kurudi hali yake ya kwanza. Vitu viwili hukisaidia kurudi: maji na hewa. Chuma kikipata maji bila hewa, hakishiki kutu upesi. Kikipata hewa kavu bila maji, hakishiki. Vikikutana vyote viwili, kazi ya kutu huanza.

Kitu cha tatu huharakisha kazi hiyo, nacho ni chumvi. Usidhani chumvi hupatikana baharini tu. Mkojo wa ng'ombe na samadi vina chumvi. Mbolea ya dukani ina chumvi. Trela iliyochukua samadi asubuhi, kisha ikaachwa bila kuoshwa mpaka mwezi mwingine, italiwa upesi kuliko trela iliyochukua magunia ya mahindi.

Katika nchi yetu liko jambo jingine la kuangaliwa: udongo mweusi wa mbuga. Udongo huu hunata chini ya mabawa ya magurudumu na katika pembe za chesisi, na hushika maji siku nyingi baada ya mvua kukoma. Juu pamekauka, lakini ndani ya tope lile chuma kimefungwa kitambaa chenye maji. Malori yanayochota mchanga mitoni hupatwa na jambo hilo hilo, maana mchanga mbichi hudondosha maji njia nzima. Tena barabara za changarawe hurusha vijiwe vinavyobandua rangi, na killa palipobanduliwa ni mlango wa kutu.

2. KWA NINI RANGI JUU YA KUTU HAIDUMU

Sababu ni tatu, nazo yafaa uzielewe, maana mtu ajuaye sababu hahitaji kusimamiwa.

Kwanza, kutu haikushikamana na chuma kwa nguvu. Rangi hushika kutu, lakini kutu haishiki chuma. Kutu ikianguka, huanguka na rangi yake.

Pili, kutu hunywa maji kama mkate. Ukiipaka rangi, umeyafungia maji ndani, nayo huendelea na kazi yake gizani.

Tatu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, mara mbili na zaidi. Kwa hiyo huvimba, na katika kuvimba huinua rangi. Ndiyo maana uonapo malengelenge juu ya rangi, usiseme rangi ilikuwa mbaya. Toboa lengelenge moja, nawe utaona unga mwekundu ndani.

3. WAKATI WA KUFANYA KAZI

Wakati ufaao ni kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, hewa inapokuwa kavu. Mkulima aliyekwisha kusafirisha pamba yake ana nafasi ya kukitazama chombo kabla ya mvua za Novemba. Usingoje mawingu ya kwanza, maana siku hizo utataka trekta liwe shambani, nawe utaharakisha kazi isiyotaka haraka.

Katika siku yenyewe, anza kupaka rangi umande ukiisha kukauka kabisa, yapata saa tatu asubuhi, na umalize saa tisa alasiri, ili rangi ipate kushika kabla ya baridi ya usiku. Fanya kazi kivulini. Chuma kilichochomwa na jua la mchana hukausha rangi juu kabla ya chini, na rangi hiyo hujikunja. Wenzetu wa Lamadi na sehemu nyingine za Busega zilizo karibu na Ziwa Victoria wangoje zaidi asubuhi ikiwa wapo penye umande mwingi.

4. HATARI ZA KUJIHADHARI NAZO

Yasome haya kabla ya kushika brashi.

Rangi za zamani, hasa ile nyekundu iliyopakwa chini kuzuia kutu, mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu, na watoto ndio huumia kuliko wote, maana risasi hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa hakina madhara. Kwa hiyo usikwangue rangi ya zamani penye uwanja wa kuchezea watoto, wala karibu na kisima, wala karibu na chakula cha kuku. Lowesha mahali unaposugua ili vumbi lisiruke, na tandika turubai chini. Masalio yakusanye katika mfuko, uufunge, na kuupeleka mahali pa taka palipowekwa na halmashauri. Usiyatupe shambani wala kuyachoma moto. Nguo za kazi zifuliwe mbali na nguo za watoto.

Vaa miwani ya kazi, glovu, na barakoa puani. Kipande kimoja cha kutu kikiingia jichoni chaweza kuharibu kazi ya maisha.

Usisafishe kwa petroli ndani ya banda, wala mtu asivute sigara hapo. Tangi la mafuta lililo tupu lina hatari kuliko lililojaa, maana limejaa mvuke. Tangi lisichomelewe na mtu asiyejua kazi hiyo. Wengi wamekufa kwa kudhani tangi tupu ni salama. Kabla ya kuchomelea popote katika gari, fungua nyaya za betri.

5. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

(a) Osha. Toa tope lote kwa maji na sabuni, hasa chini ya mabawa na katika pembe. Ondoa mbao za sakafu ya trela ikiwezekana, maana chini ya mbao ndipo kutu hujificha. Suuza vizuri kuondoa chumvi, kisha acha pakauke kabisa.

(b) Pima. Chukua nyundo ndogo, gonga killa kipande. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kitu kizito kisicho na uhai. Palipo na shaka, sukuma kwa ncha ya bisibisi. Kisha gawa kutu uliyoiona katika daraja tatu:

Daraja la kwanza: unga wa juu tu. Ukisugua kidogo, chuma cheupe huonekana.
Daraja la pili: vidonda. Chuma kimechimbika vishimo, lakini bado kina unene na nguvu.
Daraja la tatu: kutu imepenya. Bisibisi hutoboa, au chuma hutoka kwa magamba kama kitunguu.

Daraja la kwanza na la pili hutibiwa kwa dawa na rangi. Daraja la tatu halitibiwi. Hukatwa mpaka kwenye chuma kizima, na kipande kipya cha unene uleule huchomelewa. Kama kutu hiyo iko katika chuma cha kuvutia trela, katika chesisi penye kushikiza springi, au katika mabomba ya breki, chombo kisitembee mpaka fundi anayeijua kazi hiyo akitengeneze. Trela yenye magunia ya pamba, na mara nyingi watu wameketi juu yake, ikikatika mteremkoni haitauliza nani aliyeipaka rangi nzuri.

(c) Ondoa mafuta. Futa grisi na oili kwa thina na kitambaa safi kabla ya kukwangua. Ukikwangua kwanza, utaisambaza grisi mpaka ndani ya vishimo. Mafuta ya taa huondoa grisi vizuri, lakini huacha utando wake. Ukiyatumia, osha tena kwa sabuni na maji, kisha kausha.

(d) Kwangua. Anza na tindo na kikwanguo kwa magamba mazito, kisha brashi ya waya, kisha msasa mkavu au wa maji: namba 60 au 80 kwanza, na namba 120 mwisho. Usiishie pale kutu inapoonekana; endelea upana wa vidole viwili ndani ya rangi nzima, na ulainishe ukingo wake usiwe kama ngazi. Chini ya ukingo huo mara nyingi kutu imekwisha kutambaa.

Hapa pana hila moja. Brashi ya waya inayozungushwa na mashine huweza kuing'arisha kutu badala ya kuiondoa. Utaona weusi unaong'aa, nawe utadhani ni chuma. Pakwangue kwa ncha ya tindo: kama panatoka unga wa kahawia, kazi haijakwisha. Chuma halisi ni cha rangi ya kijivu cheupe.

(e) Tibu vishimo. Ndani ya vishimo brashi haifiki, na hapo ndipo dawa ya kutu hufaa. Dawa hizi ni za namna mbili. Namna moja ni ya tindikali ya fosfori, ambayo huigeuza kutu kuwa utando wa kijivu au mweusi usio na hamu ya kuendelea kula. Namna ya pili ni ya tanini, kile kitu kilichomo katika magamba ya miti kama miwati, ambacho watu hutumia kulainisha na kuhifadhi ngozi. Kampuni iitwayo Tanganyika Wattle ilianzishwa Njombe mwaka 1949 kwa ajili ya kitu hicho. Tanini ikikutana na kutu hufanya weusi wa buluu, kama wino wa zamani. Dawa nyingine huoshwa baada ya kazi, nyingine haioshwi. Kwa hiyo soma maandishi ya kopo, na kama huwezi kuyasoma, mwombe mtoto wa shule akusomee. Ikiwa dawa yatakiwa kuchanganywa na maji, tia tindikali ndani ya maji, kamwe usitie maji ndani ya tindikali, maana yatakurukia usoni.

Dawa si badala ya kukwangua. Huingia kutu nyembamba tu. Magamba mazito huyapita juu, na chini yake kutu yaendelea.

Usitumie tindikali ya betri. Ni kweli hula kutu, lakini hubaki katika vishimo na kuendelea kula chuma chini ya rangi. Wala usipake oili chafu mahali utakapopaka rangi, maana rangi haishiki juu ya mafuta.

(f) Paka rangi ya kwanza, ambayo mafundi huiita praima, siku ileile. Usiseme "nitapaka kesho." Chuma kilicho uchi kikilala katika umande usiku mmoja huamka na kutu mpya, nawe utaanza tena. Ikiwa kazi ni kubwa, safisha sehemu uwezayo kuipaka kabla ya saa tisa, na nyingine uiache siku ya pili.

Chagua praima ya chuma, kama ile nyekundu ya redi oksaidi, na iliyo bora ni yenye fosfeti ya zinki. Uliza kama haina risasi. Kwanza chukua brashi ndogo, upake penye kingo, vichwa vya bolti na mishono ya kuchomelea, kwa sababu rangi hukimbia kingo na kuwa nyembamba hapo. Kisha paka pote. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito; mkono wa kwanza ukauke kabla ya wa pili.

Funika kwa karatasi mahali pasipotakiwa rangi: mipira ya breki, vichwa vya kutilia grisi, na fimbo zing'aazo za haidroliki. Namba ya chesisi usiisugue wala kuifukia, maana ni ushahidi wa kwamba chombo ni chako.

Puti ni ya kusawazisha mahali palipobonyea, si ya kuziba tundu. Puti ya kawaida ya magari hunywa maji. Ikizibwa tundu la kutu, hushika maji nyuma yake na kuongeza maradhi. Ipakwe nyembamba juu ya chuma safi kilichosuguliwa, kabla ya praima, kisha ifunikwe kwa rangi.

(g) Paka rangi ya juu, mikono miwili. Usichanganye jamii za rangi bila kujaribu. Rangi ya kukauka upesi ichanganywayo kwa thina ikali, ikipakwa juu ya rangi ya mafuta, huweza kuikunja kama ngozi iliyoungua. Jaribu mahali padogo pasipoonekana, ungoje siku moja, kisha uendelee.

6. HESABU YA RANGI

Tuchukue trela yenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2, na mbavu za kimo cha nusu mita. Sakafu ni mita za mraba 6. Juu na chini ni 12. Mbavu ndefu mbili ni 3, na fupi mbili ni 2, jumla 5. Ndani na nje ni 10. Zote pamoja ni mita za mraba 22. Kwa mikono miwili ni 44. Lita moja ya praima hupaka yapata mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja. Basi utahitaji lita 5 hadi 6, mbali na chesisi. Fanya hesabu hii nyumbani kabla ya kwenda dukani, ili usinunue pungufu ukaacha chuma uchi, wala usinunue zaidi rangi ikakauka koponi.

7. KUTUNZA BAADA YA KAZI

Fungua matundu ya kutolea maji chini ya milango na katika pembe za trela, maana fundi asiyejali huyaziba kwa rangi. Osha chombo siku ileile kilipobeba samadi au mbolea. Trela isiyo na kazi iegeshwe ikiinama kidogo, ili maji ya mvua yasisimame ndani. Killa mwisho wa msimu tembea na kopo dogo la praima, na palipobanduka patibu kwanza, upana wa sarafu, kabla hapajawa upana wa sahani. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

8. UKINUNUA CHOMBO CHA ZAMANI

Maarifa haya yatakulinda hata sokoni. Ukiona gari kuukuu lenye rangi mpya inayonukia bado, usifurahi upesi. Lala chini ulitazame tumbo lake. Gonga mabawa kwa kifundo cha kidole. Pitisha sumaku ndogo juu ya bodi. Isiposhika palipotakiwa kuwa chuma, hapo chini ni puti. Muuzaji mwema hatachukia ukaguzi wako. Anayechukia amekwisha kukujibu.

Rangi ya kupendeza si dhambi. Lakini mkulima hanunui chombo ili kisifiwe barabarani. Anakinunua kichukue mbegu kwenda na mavuno kurudi, na watoto wake waliopanda juu wafike salama.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Vitu gani viwili lazima vikutane ili chuma kishike kutu, na kitu gani cha tatu huharakisha?
2. Kwa nini rangi iliyopakwa juu ya kutu hufanya malengelenge?
3. Utatambuaje kutu ya daraja la tatu, nawe utaifanyaje?
4. Kwa nini grisi huondolewa kabla ya kukwangua?
5. Kwa nini tindikali ya betri haifai?
6. Trela yako ina mita ngapi za mraba, na itahitaji lita ngapi za praima?

Asiyeweza kujibu swali asione haya. Arudi kwenye sehemu inayohusika, asome tena taratibu, kisha ashike nyundo yake aende kugonga trela yake mwenyewe. Jibu la swali la tatu liko huko.